Linki Iliyokuja Baada ya Sala

Ayuma alikuwa akisuuza sufuria kwenye bomba la ploti yao ya vyumba vya kupanga, kama kila asubuhi, Okumu aliporushwa nje ya kibanda chake akaanguka kifudifudi kwenye maji ya sabuni.

Okumu alikuwa fundi wao wa simu hapo mtaani Baba Dogo. Hakupata nafasi ya kuinuka. Shiundu, mpakizi wa kiwandani ambaye wote walimwita Baba Ryan, alimkanyaga mkono hadi mfupa ukalia.

"Mwizi! Simu zetu zote zimepitia kwako!"

"Baba Ryan, nilibadilisha vioo tu, naapa..."

"Vioo? Leo tutakubadilisha uso, fundi!"

Watu wakacheka. Ubao ukamshukia mgongoni, ukarudi tena. Akiba zao za sacco, chama chao cha kuweka na kukopa, zilikuwa zimefagiliwa, na ploti nzima ilitaka mtu wa kumwadhibu. Kijana mmoja alikuja akibingirisha tairi.

Ayuma alijua kilichotokea. Jumapili, punde tu baada ya sala kwenye kundi la simu la kanisa, Mama Nabwire, mwenyekiti wa akina mama, alituma linki aliyotumiwa. Ilifungua ukurasa wenye rangi za sacco na nembo ya sacco. Anwani tu, kule juu, ndiyo iliyokuwa ya watu wengine, ikiwa imeazima jina la sacco na kuliongezea mkia. Nani angeshuku kitu kilichokuja nyuma ya sala? Waliandika namba zao za siri. Ayuma, aliyesomea kompyuta chuoni, hakutaka kumwaibisha mama wa watu. Aliandika: "Wapendwa, si vibaya tukihakikisha anwani kwanza." Wakamjibu "Amina", mmoja baada ya mwingine, wakaendelea kubonyeza.

Sasa harufu ya petroli ilijaa uani. Damu ya Okumu ilikuwa ikifuata mtaro. Mama Nabwire alisimama mlangoni pake, leso mdomoni.

Ayuma aliangusha sufuria, akajipenyeza, akamlalia Okumu. Ubao uliokuwa hewani ukamshukia yeye begani.

"Toka hapo! Kwani ni bwanako?"

"Baba Ryan, ngoja..."

"Ngoja nini? Wewe hata kusalimia watu kunakushinda!"

"Ile tovuti ilikuwa bandia!" Sauti ilimtoka kali, ikipasuka. "Mama Nabwire alidanganywa, akatuletea, na namba za siri mliwapa wezi wenyewe! Okumu hakugusa kitu! Niliposema tuhakikishe anwani, nilimaanisha msifungue! Mnasikia? Msifungue!"