Hapa Ni Kwenu

Mama Pasi aliwadharau watu wengi, lakini aliyemdharau kwa moyo wake wote, Jumatatu hadi Jumapili, alikuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Huruma.

Yeye mwenyewe alikuwa dobi wa makao ya watoto ya kanisa. Watoto thelathini na mmoja, miaka kumi na miwili ya kufua, kuanika na kunyoosha, hata jina la Mama Pasi likamganda na mchungaji akasahau lile alilobatizwa nalo. Katika chumba chake cha kufulia, nyuma ya jiko, siri zote za makao zilipita mezani: nani amekojoa, nani amefutia machozi mkono wa sweta, nani amerefuka ghafla na suruali inamcheka. Alijua pia kwamba Kamati ya Huruma, tangu iundwe, ilikuwa imeleta mabango matatu, fulana za njano za wanakamati wenyewe, na sanduku moja la soksi ambazo hakuna mbili zilizofanana.

"Labda wanadhani yatima huzaliwa na mguu mmoja," alimwambia mpishi, na mpishi akacheka hadi mwiko ukamtoka.

Msidhani hakuwa muumini. Alikuwa muumini sana, tena wa vitendo, na alijijua. Kila nguo iliyopita chini ya pasi yake ilipata sala, fupi, iliyoanzia kwenye kola na kuishia kwenye pindo: Bwana, huyu apone kikohozi. Bwana, huyu aache kuwang'ata wenziwe. Wengine wote pale kanisani aliwahesabu kuwa watu wa midomo, na mdomo wa Mwenyekiti ndio aliouona mpana kuliko yote.

Kwa hiyo ilipotangazwa Jumapili ya Mlango Wazi, alikuwa tayari amekunja uso kabla tangazo halijaisha. Kila mwanakamati, ilisemwa, atamchukua mtoto mmoja nyumbani kwake baada ya ibada, ale naye chakula cha mchana mezani kama familia, na saa kumi jioni amrudishe makao.

"Kama kitabu cha maktaba," Mama Pasi alinong'ona kwenye benchi la nyuma. Mpishi aliziba mdomo kwa kitambaa.

Mwenyekiti alipangiwa Kifungo.

Kifungo alikuwa msichana wa miaka saba, mkimya, mwenye macho ya mtu anayesikiliza hata pasiposemwa neno. Alifika makao miaka miwili nyuma akiwa amevaa shati la mwanamume lililobaki na kifungo kimoja. Mama Pasi alishona vingine vitano siku ileile, na kwa kuwa mtoto hakutaka kutaja jina lake, akampa hilo la Kifungo. Tangu hapo kila akitoka shule alikwenda kukaa chini ya meza ya kupigia pasi, akafanya hesabu zake pale kwenye joto, na Mama Pasi akawa anamwambia, sogea mwanangu, kunywa uji mwanangu, umepata ngapi mwanangu. Lakini wote aliwaita mwanangu. Hata yule mng'ataji.

Jumapili hiyo Mama Pasi alimsindikiza Kifungo kwa miguu hadi kwa Mwenyekiti, maana sketi ya marinda aliyomnyooshea isingestahimili kubanwa garini. Hivyo yote aliyaona kwa macho yake. Nyumba ilikuwa na ngazi tatu, mlango wa vioo na mpiga picha. Mwenyekiti alitokea kizingitini na fulana yake ya njano, akanyoosha mikono, akasema kwa sauti ya kipaza sauti ingawa kipaza sauti hakikuwepo:

"Karibu mwanangu! Hapa ni kwenu!"

Mpiga picha akasema mkono umeziba uso, warudie. Kifungo akarudishwa ngazi ya chini, akapanda tena. Karibu mwanangu, hapa ni kwenu. Sasa jua limeingia kwenye lenzi. Akarudishwa, akapanda. Karibu mwanangu, hapa ni kwenu. Mara ya tatu picha ikatoka vizuri na mlango ukafungwa, na Mama Pasi akarudi zake akisonya njia nzima.

Kesho yake, Jumatatu, baada ya shule, Kifungo aliingia chumba cha kufulia akiwa amekumbatia kila alichokuwa nacho kwenye rafu yake: magauni mawili, sweta, ile sketi ya marinda, na jozi pekee ya soksi zilizofanana. Akavipanga mezani.

"Nipigie pasi zote," alisema.

"Kwani unakwenda wapi?"

"Kwetu."

"Kwenu wapi, mwanangu?"

"Kwa Mama Mwenyekiti. Alisema hapa ni kwenu. Alisema mara tatu, wewe si ulikuwepo? Na kuna chumba kina kitanda hakilali mtu, nilikiona nikienda kunawa mikono."

Mwanamke mzima mwenye akili zake angeweka pasi chini hapohapo. Angemkalisha mtoto, akamwambia kwa upole kwamba yale ni maneno ya mlangoni tu, kila mgeni huambiwa, hata fundi wa bomba huambiwa. Ingeuma, lakini ingeuma palepale chini ya meza, mahali pa joto, bila watazamaji. Mama Pasi alilijua hilo barabara. Ila kifuani mwake kilikuwa kimekwisha washwa kitu kingine, na kilikuwa kitamu. Aliuona uso wa Mwenyekiti mlango utakapofunguliwa. Miaka kumi na miwili alikuwa akiusubiri uso huo.

Leo nitamuumbua, aliwaza. Na akapiga pasi.

Alizipiga kama hajawahi kupiga. Marinda ya sketi yalikaa wima, kola zikang'aa, soksi nazo zikanyooshwa, soksi! Akazifunga zote kwenye shuka dogo, furushi safi. Alipomaliza ndipo akagundua kwamba safari hii hakusali hata neno moja. Akamuaga Matroni, msimamizi wa makao, kwamba anampeleka mtoto kusalimia, wakatoka.

Bahati, au aliyoiita bahati, ilikuwa kwamba Kamati yote ilikuwa kikaoni sebuleni kwa Mwenyekiti. Walikuwa wanachagua picha za kalenda. Zilitandazwa kwenye meza ya vioo kati ya vikombe vya chai, na Kifungo wa Jumapili alikuwa juu kabisa, mdomo wazi, mikononi mwa fulana ya njano.

"Oo, mgeni wetu!" alisema Mwenyekiti. "Umekuja kutusalimia?"

"Shikamoo. Nimehamia," alisema Kifungo, na akaweka furushi juu ya zulia.

Mmoja wa akina mama akacheka, "Watoto jamani!" kisha akaona hakuna anayecheka naye. Katibu akaanza kuzikusanya picha bila sababu. Mwenyekiti alishuka kwenye kiti, akachuchumaa mbele ya mtoto, na uso wake ulikuwa vilevile Mama Pasi alivyouota: umepauka, mashavu yakicheza.

"Mwanangu, yale... yale ni maneno ya kumkaribisha mtu. Ni heshima tu. Mgeni huambiwa hivyo."

"Ulisema mara tatu."

"Ni kwa sababu ya picha. Picha ilikuwa haitoki."

Kifungo aliigeukia meza ya vioo, akaitazama picha yake, akaelewa. Alionekana akielewa, mabega yalishuka kidogo, basi. Hapo Mama Pasi akaitoa sentensi aliyokuwa ameitengeneza tangu getini.

"Au huruma yenu ina saa ya kurudishwa, kama kitabu?"

Iliwapata. Katibu aliinamisha kichwa. Mama Pasi alisimama pale na kanga yake yenye harufu ya sabuni akajiona mrefu kuliko pazia. Furaha hiyo ilidumu kama pumzi mbili.

"Dada yangu," alisema Mwenyekiti akiinuka, na sauti yake sasa haikuwa ya kipaza sauti, ilikuwa ya mtu aliyekanyagwa. "Na wewe mtoto huyu unamwitaje?"

"Namwita..." Mama Pasi alisita. "Namwita mwanangu."

"Anakaa kwako?"

"Anakaa makao. Si unajua?"

"Nyumba yako iko ng'ambo ya barabara tu hapo makao. Binti yako tulimwozesha mwaka wa tatu huu, mimi mwenyewe nilipamba ukumbi. Chumba chake sasa kina nani?"

Sebule yote ikamtazama Mama Pasi. Kifungo naye akamtazama, na ndiyo macho pekee yaliyomuuma.

"Kina cherehani," alisema.

"Basi tumefanana. Mimi nimemdanganya mara tatu. Wewe, miaka miwili, umemwambia mara ngapi?"

Mama Pasi, ambaye mpishi alisema ulimi wake ungeweza kukata nyama, aliinama kulishika furushi. Na kilichomkera zaidi, hata leo ukimuuliza, ni kwamba ilibidi asikie neno la kweli kutoka kwa mwanamke mwenye fulana ile.

Walirudi kwa miguu. Kifungo alikataa kupokewa furushi, akalibeba mwenyewe kwa mikono miwili, kidevu juu ya fundo. Walipita duka la vitabu, wakapita kituo cha mafuta. Karibu na geti la makao mtoto akasimama.

"Mama Pasi."

"Naam, mwa..."

"Ulikuwa unajua?"

Angeweza kusema hapana. Uongo ulikuwa pale mdomoni umeshanyooshwa.

"Nilijua," alisema.

"Ukanipigia pasi."

"Nikakupigia pasi."

"Mpaka soksi."

"Mpaka soksi. Nilitaka aaibike, mama. Nikakutumia wewe. Nisamehe."

Kifungo alilipandisha furushi kifuani. Hakulia, na ingekuwa nafuu kama angelia.

"Usiniite tena mwanangu," alisema. "Niite Kifungo."

Tangu siku hiyo hakukaa tena chini ya meza. Hesabu alizifanya kwenye bwalo, na furushi alilisukuma chini ya kitanda chake likiwa limefungwa vilevile. Alivaa sare ya shule na nguo za kabati la wote, zilizompwaya, hata Matroni alipobishana naye. Mama Pasi aliendelea kupiga pasi na kusali, kola hadi pindo, lakini kwenye sare ya Kifungo sala ilikwama kila mara palepale. Bwana, huyu. Halafu basi. Bwana, huyu nini? Alijua jibu, na alilichukia kwa sababu lilikuwa na miguu: lilimtaka avuke barabara.

Wiki ya tatu aliitoa cherehani kule chumbani, akaiweka sebuleni, ikaziba nusu ya dirisha. Akaenda kwa Matroni kuomba fomu za malezi ya kambo.

"Kwa umri huo?" Matroni aliuliza.

"Umri wa kufulia watoto thelathini na mmoja mmeuona unatosha."

Ikachukua miezi minne. Akaja afisa wa ustawi, kijana mwenye viatu vya kuchongoka, akafungua kabati, akachungulia chooni, akauliza kama paa linavuja. Kwenye fomu palikuwa na mahali pa kuandika uhusiano na mtoto. Mama Pasi aliandika: Dobi wake.

"Hapa watu huandika mama mlezi, bibi," afisa alisema.

"Watu huandika mengi."

Kifungo mwenyewe alipoulizwa kama anataka, alisema atakwenda aone. Afisa akaandika kwamba mtoto amekubali kwa furaha.

Siku yenyewe walivuka barabara, mtoto na furushi lake, Mama Pasi na ufunguo. Mlangoni ulimi wa Mama Pasi ukawasha. Maneno yalikuwa yamejipanga, karibu mwanangu, hapa ni, na kwa mara ya kwanza maishani akajiuma ulimi kwa makusudi. Akamkabidhi mtoto ufunguo.

"Fungua wewe. Unakwama kidogo, sukuma kwa bega."

Kifungo akasukuma kwa bega. Akaingia, akatazama kitanda, akalala chini akachungulia uvunguni, akasukuma furushi humo. Halikufunguliwa siku ile, wala wiki ile.

Jumapili Mwenyekiti alisimama kanisani akatangaza kwamba Kamati ya Huruma, kwa neema ya Mungu, imempatia mtoto mmoja makazi ya kudumu. Makofi yakapigwa. Mama Pasi alitafuta sentensi ya kumnong'oneza mpishi akapata tatu, zote nzuri, moja ya fulana. Lakini Kifungo alikuwa amekaa katikati yao, anasikiliza kama kawaida yake, na sentensi zote tatu zikamezwa. Zilishuka kwa shida, kama vidonge bila maji.

Siku ya kumi Mama Pasi alirudi nyumbani kutoka kazini akalikuta beseni lake uani limejaa. Lile alimokuwa ameloweka nguo zake mwenyewe asubuhi, lesi na gauni la ndani na taulo. Juu yake, ndani ya povu hilohilo, yalikuwa yamezamishwa magauni mawili, sweta, sketi ya marinda na soksi mbili zilizofanana. Shuka la furushi lilikuwa limetundikwa kwenye kamba, tupu. Kifungo alikaa kizingitini na daftari la hesabu mapajani.

"Hizi si zilikuwa safi?" Mama Pasi aliuliza. "Hujazivaa hata mara moja tangu siku ile."

"Zilipigwa pasi ili niende kule," Kifungo alisema bila kuinua kichwa. "Zifue upya."

Mama Pasi akapandisha mikono ya gauni, akapiga magoti mbele ya beseni, akaanza na soksi.