Nilivyompeleka Mtoto kwa Baba Yake

Mdomo wangu ungekuwa mguu, mimi ningekuwa bingwa wa mbio. Ndivyo ususi ulivyo: mikono inasuka, mdomo unafanya kazi zaidi. Kwa hiyo serikali ilipofuta vibali vya wageni, na mume wa jirani yangu akakamatwa akiwa kazini, mimi ndiye niliyeapa kuwasaidia. Nilikuwa nimehudhuria semina moja ya haki za wahamiaji, nikapewa na fulana. Basi mtaani hakuna aliyepumua.

Jirani mwenyewe hakuweza kwenda kumwona mumewe kizuizini. Kibali chake nacho kilifutwa. Angeingia pale, asingetoka. Na mumewe alikuwa anarudishwa kwao kesho yake, bila kumtia machoni mwanawe, aliyezaliwa yeye akiwa ndani.

"Dada, sina ombi lingine," aliniambia, akinifunga mtoto kifuani kwa mbeleko. "Amwone tu."

"Niachie mimi!" nikasema. Kauli ya waharibifu wote hiyo.

Tulikaa, mimi huku, shemeji kule, kioo katikati, kila mtu na simu yake ya ukutani. Tulipewa dakika chache. Nikaanza. Nikampa pole, nikampa salamu za mtaa mzima, nikaingia kwenye semina. Nikamweleza haki zake, yeye aliyefungwa, kana kwamba alizisahau nyumbani. Akagonga kioo. Nikajua maneno yamemwingia, nikaongeza sauti. Akagonga tena, machozi yanamlengalenga, ananionyesha kifua changu kwa kidole. Nikadhani anasema nina moyo mzuri. Nikamwambia asante.

"Muda umekwisha," askari akasema, na simu ikakatika.

Hapo ndipo nilipotazama chini. Mtoto alikuwa amelala, uso umezama kwenye fulana yangu ya semina. Muda wote huo baba yake alikuwa ameona kisogo tu. Mungu wangu! Nikavuta fundo la mbeleko, vidole vyangu vya ususi vikagoma. Nikaivulia mbeleko kichwani, hereni ikadondoka, nikamwinua mtoto hadi kwenye kioo. Akafumbua macho. Shemeji alikuwa ameshashikwa mkono.

Jirani alikuwa ananisubiri mbali na lango, ng'ambo ya barabara. "Amemwona?"

"Amemwona."

"Amesemaje?"

Niliona aibu, ardhi ipasuke inimeze. "Hakupata nafasi. Niliongea mimi. Lakini walipomtoa, alitembea kinyumenyume mpaka mlangoni, anamtazama mtoto."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alimchukua mwanawe, akajifuta macho.

"Nionyeshe alivyotembea."

Basi nikarudi kinyumenyume kando ya barabara, jimama zima na hereni moja, pikipiki zinanipigia honi, nimemkazia macho yule mtoto. Nilipogota ukutani, jirani akasema, "Tena."