Mguu wa Nyuma wa Kiti cha Papa

Tangu Papa aje parokiani kwetu na kuondoka, mimi sina raha. Wenzangu wanayo tele. Katekista anasimulia jinsi Papa alivyomuuliza habari za kikohozi chake, na siku hizi anakohoa kwa madaha. Mwalimu wa kwaya anasema mkono wa Papa ulikuwa na joto kama wa mtu aliyetoka kushika kikombe cha chai. Na wote, wakifika kwenye habari za mama yangu, wanashusha sauti: "Alikataa kiti chake, akamkalisha mama wa fundi, kisha akasimama nyuma yake kama mwanawe wa kumzaa. Unyenyekevu gani ule!" Halafu wananigeukia mimi, fundi mwenyewe, wanipe mkono wa pongezi. Natamani ardhi ipasuke.

Kiti kile nilikitengeneza mimi. Paroko aliniagiza miezi miwili kabla ya ziara: mgongo mrefu, mikono ya kuchonga. Miguu mitatu niliitoa kwenye mbao iliyokauka mwaka mzima. Wa nne, wa nyuma kushoto, ulipasuka nikiugonga uingie kwenye tundu lake, na zilikuwa zimebaki siku mbili. Mbao kavu sikuwa nayo tena. Fundi mwenye haya angekwenda kwa Paroko akasema ukweli. Mimi nilichanganya gundi na unga wa mbao, nikaziba ufa, nikapiga msasa, nikapaka vanishi mara tatu. Ukipitisha kidole hugundui kitu. Lakini asubuhi ya ziara nilikijaribu kwa kukaa kidogo tu, nikasikia mlio wa ufa unaofunguka, ambao fundi yeyote anaujua.

"Mbona jasho hivyo?" mke wangu aliniuliza ukumbini. "Hata mgeni mwenyewe hajafika."

"Joto."

"Joto gani, na madirisha yote yako wazi?"

Nilikuwa na sala moja tu, naizungusha kichwani: asikae, asikae, asikae.

Papa aliingia kwa mlango wa pembeni, mzee wa umbo dogo, anayetembea haraka lakini anasimama kila hatua kumshika mtu mkono. Alikifikia kiti changu, akakitazama, akatabasamu. Kisha akageuka, akamwona mama yangu akihangaika kujishusha kwenye benchi la mbele la wagonjwa. Mama ni mtu wa mwili, na magoti yamemgomea siku nyingi. Papa akamfuata, akamshika mkono, akamwongoza polepole mpaka kwenye kiti changu, akamkalisha. Yeye akaenda kukaa kwenye lile benchi, akabanana na wagonjwa. Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Watu wazima walilia kama watoto.

Sala yangu ilikuwa imejibiwa, ndivyo hivyo. Papa hakukaa.

Kwaya ikaanza, na mama, kwa furaha aliyokuwa nayo, akaanza kuyumba na wimbo. Kila akiyumba, mguu wa nyuma ulisogea kidogo kwenda nje. Nikipiga kelele, parokia nzima itajua mimi ni fundi wa namna gani, na mbele ya Papa. Nikinyamaza, kuna kiuno cha mama yangu. Nilipiga hatua moja mbele, nikarudi. Nikapiga mbili, nikarudi.

"Kama umebanwa si uende?" mke wangu alininong'oneza. "Unatuaibisha."

Wimbo uliisha nikiwa bado nimeganda ukutani, hatua chache nyuma ya kiti. Wa pili ukaanza. Ndipo nikaona vanishi ikipata mstari mwembamba pale nilipoziba. Miguu yangu ikaondoka yenyewe.

Mlinzi alinidaka kifuani. Papa akainua mkono, nikaachiwa. Nilipiga magoti nyuma ya kiti, nikaukumbatia mguu ule kwa mikono miwili. Watu wakapiga makofi. Walidhani ni ibada. Papa akainuka, akaja kuinama karibu yangu, na Paroko nyuma yake kama mkalimani.

"Anauliza una nini."

"Mguu huu ni mbovu, Baba. Niliuziba kwa gundi nikanyamaza. Mama ataanguka."

Paroko alibadilika rangi, lakini alitafsiri. Papa alinitazama, akamtazama mama aliyekuwa bado anaimba, akasema maneno machache.

"Anasema mama asisumbuliwe, amefurahi," Paroko alinong'ona. "Na wewe usiaibishwe. Atakishika yeye."

Papa akaukaza mguu wa kiti kwa kiatu chake, akashika mgongo wa kiti kwa mikono miwili, akasimama hivyo dakika ishirini, jasho likimtiririka shavuni, huku akicheka na mama kila alipogeuza shingo. Hicho ndicho watu walichokiona.

Wiki tatu zimepita. Nashika randa, naiweka chini. Natoka karakana, narudi. Jana mchana nilishindwa, nikaenda kwa mama. Nilimkuta kitandani anakunja nguo.

"Mama, Papa hakusimama pale bure. Alikuwa amekishika kiti. Kilikuwa kibovu, na mimi nilijua."

Aliacha kukunja. Niliogopa nimemnyang'anya furaha yake yote.

"Mzee kama yule," alisema. "Dakika zote zile?"

"Zote."

"Na bado ananichekea." Akajifuta macho kwa shuka. "Basi alinipenda kuliko ninavyowasimulia watu."

Nikashusha pumzi. Niliishusha mapema mno.

"Na wewe ulijua tangu nakaa?"

"Tangu unakaa."

"Ulikuja kwenye wimbo wa pili. Muda wote huo ulikuwa unamwogopea nani?"

"Nilikuwa najiogopea mwenyewe, mama."

Alimaliza kukunja nguo iliyokuwa mapajani, akaiweka kando. Kisha akasema anataka kutoka nje akaote jua, akaninyooshea mikono. Siku zote akiinuka hushika kwanza ukingo wa kitanda, halafu ukuta, ndipo mtu. Safari hii hakushika kitu kingine. Aliniegemea kwa uzito wake wote, nami nikasimama imara kadiri nilivyoweza.