Tangazo Kuhusu Mlango wa Jikoni

Mlango wa jikoni pale uwanja wa ndege ulikaa wazi mchana kutwa, umeshikiliwa na mtungi wa kuzimia moto. Mtungi wenyewe ulikuwa umekaa hapo muda mrefu hata sakafu chini yake imepauka. Upande mmoja wa mlango wapishi walipanga chakula cha abiria kwenye trei. Upande wa pili ndege zilikuwa zimeegeshwa. Kufuli lake lilikuwa la kadi, zuri na la bei mbaya, na kila apitaye alitakiwa kugusisha kadi yake hapo. Lakini mkuu wa usalama alikuwa mvutaji sigara, na alipenda kuvutia nje ya mlango huo, kwenye kivuli cha ukuta, na kadi yake aliisahau kila siku kwenye koti lake ofisini. Wafanyakazi walimwita Bwana Kadi, kwa sababu neno lake la kwanza kwa mtu yeyote lilikuwa, "Kadi?" Basi mtungi ulimshikia mlango, na wapishi nao wakafaidi upepo.

Kwa mlango huo aliingia bwana mmoja asiye na tiketi wala safari. Alipitia geti la kupokea mboga, akawasalimu wapishi, wakamwitikia, akatokea upande wa ndege, akapanda ngazi, akakaa dirishani na kufunga mkanda. Aligunduliwa pale mwenye kiti alipofika. Alisema alitaka tu kujua mtu anajisikiaje akikaa mle. Hakuleta fujo. Walimpa maji, wakamtoa kwa mlango wa mbele, ambako Bwana Kadi alimuuliza kadi.

Magazeti yaliandika, wakubwa wakakaa kikao, na ikaamuliwa kwamba wafanyakazi wote wachunguzwe upya tangu utotoni. Yule bwana hakuwa mfanyakazi, wala hajawahi kuwa, lakini jambo hilo halikutajwa kikaoni. Ikakodiwa kampuni ya uchunguzi. Vijana wake walikuwa na adabu na viatu safi, wakauliza mtu aliishi wapi, aliugua nini, alimpenda nani kabla ya huyu aliye naye sasa. Wakubwa hawakuchunguzwa, maana ndio walioagiza.

Mmoja wa vijana hao alipanda hadi chumba cha mtangazaji. Chumba kilikuwa cha vioo, juu kabisa. Kutoka humo mtangazaji aliuona ukumbi wa abiria upande huu na ndege upande ule, mpaka mlango wa jikoni na mtungi wake. Kazi yake ilikuwa kuwaambia watu ndege ipi inaondoka na waelekee lango lipi, na kila tangazo alilisoma mara mbili, kama kanuni inavyotaka. Sauti yake ilikuwa tulivu. Watu waliochelewa ndege walisema angalau wameambiwa vizuri.

Kijana hakuja kwa ajili yake siku hiyo. Alikuja kumuulizia wifi yake, dada wa mumewe, ambaye alikuwa akisafisha ndege baada ya abiria kushuka. Wifi mwenyewe ndiye aliyemtaja kuwa mtu wake wa karibu.

"Nieleze tu kidogo, dada. Ni mtu wa namna gani?"

"Wifi yangu? Yule ni chuma," mtangazaji alisema, na akamvutia kijana kiti.

Akamsifu. Alitaka kumsifu mpaka kazi yake isiguswe, kwa sababu wifi yake alikuwa analea binti peke yake, na mshahara huo ndio uliokuwa paa lao na ada yao. Alisema hajawahi kukosa kazini. Alisema hata ukimkuta amechoka utamkuta anacheka. Kijana aliandika tu, na mtangazaji, ambaye hapendi kimya, akaongeza jambo ambalo walilijua wao wawili tu duniani: kwamba wifi yake alipofiwa na mtoto wa kwanza akiwa bado ananyonya, akili ilimruka, kwamba alilazwa masika yote, na akatoka, na akaanza maisha upya kana kwamba hakuna kilichotokea. Je, huyo si mtu wa kutegemewa?

"Pole sana," alisema kijana, na alionekana kuwa na huruma ya kweli. "Ni wodi gani hiyo, dada?"

Akamwambia.

Familia nzima iliambiwa wakati ule kwamba binti yao amekwenda mji mwingine kujifunza kushona. Aliporudi ikabidi ajifunze kushona kweli, siri isije ikafichuka. Mapazia ya nyumba ya kaka yake yote aliyashona yeye, na mwanzoni yalikuwa yamekwenda upande, na kaka akasema fundi wa mji ule ni tapeli.

Kampuni ilipomaliza kazi na kuondoka, matangazo yalibadilika. Asubuhi moja mtangazaji alibonyeza kitufe, taa nyekundu ikawaka, akasema, "Abiria wa ndege ya kwanza, mnaombwa kuelekea lango la pili. Fundi wa ngazi za umeme bado anampigia simu mke wake wa kwanza, na akipokea huwa hasemi neno. Asanteni." Akayasikia yakitoka kinywani mwake mwenyewe, kwa sauti ileile. Akanywa maji kidogo, akasoma mara ya pili. Abiria walielekea lango la pili. Fundi aliyekuwa amepiga magoti kwenye ngazi aliinamisha kichwa, akaendelea kukaza skrubu.

Baada ya hapo hapakuwa na tangazo lililotoka peke yake. Ndege inachelewa, na karani wa mizigo anatumia cheti cha marehemu kaka yake. Mtoto amepotea, amevaa shati la kijani, na dada wa dawati la maelezo hujifungia chooni akalia, kisha akanawa uso na kurudi akitabasamu. Watu walizoea upesi. Mtu akisikia lake anakohoa, wenzake wanaangalia pembeni, na jioni wanamwachia nafasi ya kukaa kwenye basi la wafanyakazi. Fundi wa vipaza sauti aliitwa. Akafungua nyaya, akazifunga.

"Mitambo iko safi, mama," alisema. "Kama kuna hitilafu, iko kooni." Akampa kipande cha tangawizi atafune.

Tangawizi haikusaidia. Alijaribu kunyamaza, abiria wakaachwa na ndege, akaonywa. Alijaribu kusoma haraka haraka, na siri ikatoka haraka haraka, mara mbili. Wengine waliokuwa wanasemwa hakuwahi kuwajua vizuri, na aliwahurumia kwa mbali, lakini moyoni alikuwa anasubiri moja tu. Kila akimwona wifi yake kule chini, na kilemba chake cha bluu na mfuko wa takataka, alihesabu matangazo yaliyobaki. Angeweza kushuka na kumwambia kabla. Kila siku alijiambia kesho. Hakushuka, na hilo halina udhuru.

Lilitoka adhuhuri, ukumbi umejaa.

"Abiria wa ndege ya mchana, tunaomba radhi kwa kuchelewa. Msafishaji wa ndege, mwenye kilemba cha bluu, alilazwa wodi ya wagonjwa wa akili baada ya mtoto wake kufariki. Nyumbani walidanganywa kwamba yuko kwa fundi cherehani. Asanteni kwa uvumilivu wenu."

Kanuni ni kanuni. Alilisoma tena, machozi yakimtoka, na sauti haikutetemeka hata kidogo.

Wifi yake alikuwa ndani ya ndege, mlango wazi, kipaza sauti kiko karibu. Alisimama na kitambaa mkononi. Halafu alimalizia safu ile, akaikunja mikanda na kuilaza kwa kupishanisha juu ya viti, kama inavyotakiwa, akahamia safu ya nyuma.

Kabla siku haijaisha Bwana Kadi alimwita getini.

"Si kwamba tunakushuku, mama. Tunakuheshimu. Ila abiria, unajua tena, usalama wao..."

"Mimi nafagia, mzee," alisema. "Nafagia makombo."

"Ndiyo maana nasema tunakuheshimu. Kadi?"

Akampa. Bwana Kadi aliikata kwa mkasi mbele ya wenzake, ili ieleweke kwamba hatua zimechukuliwa. Nyumbani kwa mtangazaji habari zilitangulia kufika kabla yake. Mumewe alikuwa amekaa sebuleni anayatazama mapazia. "Kumbe," alisema. Mtangazaji alitamani kwenda kwa wifi yake. Alifika mpaka kona ya nyumba yake, akamwona binti wa wifi amekaa kizingitini, ananyoosha shingo kama anayesubiri mtu wa kumweleza kitu. Akageuka.

Kesho yake, kwa mara ya kwanza tangu mambo yale yaanze, alisema jambo kwa kutaka mwenyewe. Aliwasha taa nyekundu akatangaza: "Mlango wa jikoni uko wazi. Umeshikiliwa na mtungi wa kuzimia moto. Mtu yeyote anaweza kuingia na kufika kwenye ndege. Yule bwana alipita hapo hapo." Akalisoma mara mbili, polepole. Abiria waliinua vichwa, wakasikia hakuna lango wala saa iliyotajwa, wakarudi kwenye simu zao. Bwana Kadi alikuwa nje ya mlango wenyewe, anavuta. Sauti ilipita juu ya kichwa chake. Alikung'uta majivu, akaingia ndani akiuruka mtungi. Baadaye alimpigia simu mtangazaji, kwa upole.

"Matangazo hayo yahusu watu, mama. Mlango hauna historia yoyote mbaya."

Siku chache mbele, kabla ya ndege ya mchana, wifi alitokea mlangoni mwa chumba cha vioo. Alikuwa amevaa nguo za kutokea na mkononi ana kisanduku cha sindano, kile alichokuwa anakiweka kwenye kabati la mafagio ili awashonee wenzake vifungo.

"Nimefuata kisanduku changu," alisema.

"Umepitia wapi?"

"Jikoni. Nimewasalimu, wameniitikia."

Mtangazaji alimpisha kiti, kilekile alichokalia yule kijana. Walikaa. Chini yao watu walisukuma mizigo.

"Nilikuwa nakusifu, wifi," alisema mtangazaji. "Haki ya Mungu, nilikuwa nakusifu."

"Najua. Kama ungekuwa unanisengenya ningeshakusamehe." Aliupapasa mfuniko wa kisanduku. "Ungeniuliza tu kwanza. Ni mimi niliyefiwa. Binti yangu ananiuliza yule mtoto alikuwa anaitwa nani, na mimi nilikuwa sijajiandaa kulitamka."

Saa ya ndege ilifika, mtangazaji akabonyeza kitufe.

"Abiria wa ndege ya mchana, elekeeni lango la tatu. Wifi yangu aliyefukuzwa kazi ameingia bila kadi, kupitia mlango wa jikoni. Yuko hapa kwenye chumba cha matangazo. Nilimkosea. Asanteni."

Akalisoma tena. Kisha wote wawili waligeukia mlango, wakasubiri askari waje.

"Leta huo mkono," alisema wifi. "Kifungo kinaning'inia, nawe unakaa mbele za watu."

Akatunga uzi, akashona, akaukata kwa meno. Sasa alikuwa anashona vizuri sana. Ngazi zilikuwa kimya. Hapakuwa na kishindo cha buti. Askari walikuwa getini wanakagua kadi za wasafishaji wapya.

"Hawaji," alisema mtangazaji.

"Hawaji." Wifi alisimama, akajifunga kitenge vizuri. "Siku nyingine ukitaka kunisifu, sifu mapazia."

Alishuka. Kupitia kioo mtangazaji alimwona akiufikia mlango wa jikoni, upande wa ndege, ambako Bwana Kadi alikuwa amesimama anavuta, mgongo kwao wote. Upepo ulikuwa mkali. Mtungi ulikuwa umesogea, na mlango ulikuwa unajifunga taratibu. Wifi aliuwahi kwa mkono. Akausukuma mtungi kwa mguu mpaka ukakaa vizuri pale sakafu ilipopauka, akaujaribu mlango kama umeshika, akarudi ndani akiwapita wapishi, kwenda nyumbani.

"Asante, mama," alisema Bwana Kadi bila kugeuka.