Mgeni Asimame

Nilimtafsiria Mutuma kitabu cha watoto. Ana kampuni ndogo ya uchapishaji kule Oakdale, huku ughaibuni, na tangu theluji ianze kuanguka wimbo wake ni ule ule: "Wiki ijayo, dada." Wiki ijayo gani hiyo isiyofika?

Jumapili moja nikamkuta kanisani kwetu, amepanga vitabu mlangoni tayari kuuza. Hakujua kwamba anayetambulisha wageni ni mimi.

"Mgeni wetu asimame," nikasema kwenye maiki. Akasimama, akitabasamu. "Huyu ni Mutuma, ametuletea vitabu. Aliyekitafsiri kitabu hiki ni mimi. Hajanilipa."

Kisha Mama Nkirote, mwenyekiti wa akina mama, akainuka na kikapu cha sadaka.

"Maskini, kumbe hana! Tumfanyie harambee."

Mkenya gani, na suti yake, atakubali kuchangiwa deni? Kabla kikapu hakijapita safu ya pili, Mutuma alikuwa ameshatoa simu. Yangu ikalia. Nikatazama: pesa zangu zimeingia zote.

Baada ya ibada vitabu vilikwisha. Akanisogelea taratibu.

"Dada, kuna kingine cha kutafsiri."

"Kilete," nikamwambia. "Lakini kilete Jumapili."