Nyara ya Abrar

Neno "nyara" ndilo lililomponza Bi Zuena. Gari la matangazo lilipopita Chamazi likiwaita watu kwenye mkutano wa nyara za serikali, yeye akajua ni habari za kuteka watu, akaenda mbio kusikia nani katekwa. Akakaa kiti cha mbele kabisa, kampakata mjukuu wake Abrar wa miezi kumi. Umbea wa mama huyu, jamani.

Afisa wa wanyamapori, binti aitwaye Yustina, akaeleza kuwa nyara ni pembe, ngozi, kucha, hata gamba moja tu la kakakuona, na ukikutwa nalo ni jela. Bi Zuena akaivuta chini fulana ya mjukuu wake. Gamba analo. Limeshonewa ndani ya hirizi, na hirizi iko kiunoni kwa Abrar.

Binti yake Noor alizika watoto wawili, na wote hawakufika hata arobaini. Huyu wa tatu Bi Zuena akamkimbilia mganga, akamfunga hirizi siku ya kwanza, na mtoto huyo hapo, anang'ata kila kitu. Sasa mtu mwenye akili zake aifungue?

"Atakayesalimisha leo kwa hiari hatumsumbui," alisema Yustina.

Kesho Noor anampeleka mtoto kliniki kupimwa uzito, na kule mtoto huvuliwa nguo. Hirizi ikionekana na kuchanwa, anayefungwa ni Noor. Bi Zuena akainuka, akaifungua hirizi, akaiweka mezani.

"Chukua, mwanangu. Ila mtoto huyu akinifia, nitakufuata wewe."

"Sawa, bibi," Yustina akajibu kwa upole. Akaichana kwa wembe, akakigeuzageuza kilichokuwamo, kisha akamrudishia. "Hili si gamba, bibi. Hebu litazame."

Mtu aliyekuna nazi miaka hamsini akose kujua kifuu? Kilikuwa kipande cha kifuu, kimesuguliwa msasa kikang'aa. Mganga mshenzi yule.

Hasira ilimpanda, ikashuka. Kumbe muda wote huo Abrar kalala na kifuu, na kaishi. Na wale wawili, ambao kila siku alijilaumu kuwa waliondoka kwa sababu yeye alichelewa kwenda kwa mganga, hakuwachelewea chochote. Bi Zuena akarudi kitini na mjukuu wake, akawalilia pale pale mbele za watu.