Betri Mia za Mwanabaraka

Betri arobaini na mbili zilikuwa zimepangwa juu ya kitambaa chekundu cha sonara, na kila moja ilikuwa na gramu arobaini na tano. Mzee Zayed, jirani yangu wa duka hapa Dunda, alisogeza bangili za watu pembeni ili nitumie mizani yake ya dhahabu. Nilizipima zote.

"Zimetimia," nikasema.

"Zimetimia uzito," akajibu bila kuinua macho.

Sikumsikiliza. Niliacha shule darasa la tano, lakini betri nazijua. Za bandia nilizowahi kupasua zilikuwa nyepesi kama maganda ya karanga. Ndani mna kijibetri kidogo, kinachobaki ni hewa. Tena watu wa mji huu huiamini mizani ya sonara kuliko risiti, na mimi ni mtu wa mji huu.

Zilikuwa za kiti cha magurudumu cha dada yangu Mwanabaraka. Polio ilimchukua miguu akiwa na miaka minne. Kila Ijumaa huwasomesha wanawake Kurani kule Kaole, na kwa miaka ishirini na sita ilibidi kila Ijumaa mtu amsukume: mimi, mashemeji, hata wapangaji. Nilipomfungia mota kwenye gurudumu aliigusa kwanza kwa kidole.

"Nitakwenda peke yangu?"

"Peke yako."

"Hata wewe hutakuwepo?"

"Hata mimi."

"Alhamdulillahi. Maana unanuka risasi ya kuchomelea."

Ijumaa ikafika. Betri arobaini zilikuwa zimeshaungwa ndani ya sanduku chini ya kiti, mbili zimebaki za akiba. Mwanabaraka alikuwa amekaa mbele ya duka langu, buibui jipya, harufu ya udi hadi barabarani. Majirani walitoka kumtazama. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia haraka haraka, jicho liko njiani.

Mzee Zayed akasimama mlangoni kwake. "Hamidu, dhahabu nami naipima. Kisha naitia motoni. Hizo umezitia motoni?"

Niliudhika. Nikachukua moja ya akiba ili nimnyamazishe. Ganda lake liliandikwa ampea ishirini. Kiti kikizama kwenye mchanga wa njia ya Kaole, kila betri ingetakiwa kutoa tano tu. Nikaiunga na taa mbili za gari, mita ikasoma tano. Nikaweka kifundo cha mkono juu yake, vile mama alivyokuwa akipima uji wa mtoto.

Dakika ya kwanza, vuguvugu. Ya pili, moto. Ya tatu nikautoa mkono kwa nguvu. Nikajaribu ile betri nyingine ya akiba. Ile hata dakika mbili haikufika.

Zilipopoa nilizipasua. Mlikuwa na kijibetri na mchanga, umejazwa hadi gramu ya mwisho. Aliyezitengeneza alijua kwamba tunapima. Lakini hayo niliyaona baadaye. Wakati ule nilikuwa na mkono unaouma na dada aliyeshika usukani.

"Dada, leo huendi."

"Nimewaambia watu wote wasije kunisukuma."

"Sanduku liko chini ya makalio yako. Likishika moto, utaruka?"

Majirani wakatazama chini. Mimi kusema kwa upole sijajaliwa. Mwanabaraka akaufunika uso kwa mtandio, kisha akaufunua.

"Litoe sanduku lako. Halafu nisukume."

Nilimsukuma hadi Kaole. Kwenye mlango wa madrasa akageuka.

"Ungeweza kunyamaza, nikaenda zangu."

"Ningeweza."

"Wengi wangenyamaza," akasema, akaingia.

Muhidini, fundi wa kompyuta wa Mapinga, aliniwekea betri za kompyuta kuukuu kwa miezi miwili. Hazikujisifu: ampea mbili mbili tu. Niliziunga na taa ya gari moja moja, kila moja nikaishika. Zilizofaulu zilikuwa mia, na kwa mia, kila moja ilihitaji kutoa ampea mbili zile zile. Sanduku likawa kubwa mno.

"Umeniwekea jeneza humu?" akauliza Mwanabaraka.

"Panda, mwalimu."

Akawasha. Kiti kikaondoka kwa mwendo wa mtu mwenye nafasi yake. Nilimfuata kwa mbali hadi kona ya kwanza.

"Hamidu!" akaita bila kugeuka. "Nasikia ndala zako."

Nikasimama. Miaka minne imepita sasa, na sijapata kumfuata tena.

Siku ile alirudi kabla ya alasiri, magurudumu yamejaa mchanga, mtandio umeteleza mabegani, hana habari nao. Nikachuchumaa, nikaweka kifundo cha mkono juu ya sanduku. Vuguvugu, uji wa kumpa mtoto.

"Umeridhika?" akauliza.

"Bado," nikasema, nikauacha mkono pale pale.